Fundi Niliyemwandika Marehemu

Kosa langu lilikuwa hili. Kwenye fomu ya chama cha watoto, mahali palipoulizwa kama baba wa mtoto yu hai, niliandika kwamba amekufa, na baba mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda, randa mapajani, ananicheka. Palipoulizwa sababu ya kifo nikaandika ulafi. Halafu harufu ya nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, ikanifikia kutoka jikoni kwa mama yangu, nyumba ya tatu kutoka pale. Nikaiacha fomu juu ya meza pamoja na nyingine, nikaenda kula. Nilipomaliza kula nikalala. Mimi nikila hulala.

Asiye wa kwetu ataniona mwendawazimu, kwa hiyo ngoja nieleze. Mimi ni Mnyamwezi. Fundi yule seremala, jirani yetu pale Ng'ambo, alikuwa Mzaramo ambaye baba yake aliletwa Tabora na kazi za reli akasahau kurudi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupita katikati ya Wazaramo wakiwa hoi. Mtani hukutukana nawe huna ruhusa ya kununa. Huingia uani kwako akakamata jogoo, ukamsindikiza kwa matusi tu. Fundi yule kila asubuhi alikuwa akipita dirishani kwangu na kuuliza kwa sauti kama nimeshakufa, ili aanze kupima mbao. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba nangoja atangulie, maana Mzaramo hata ahera huenda kwanza kuulizia kama kuna ngoma.

Basi nilipofika kwenye swali la baba, nikamsomea kwa sauti ya kikarani: baba wa mtoto yu hai? Akanijibu bila kucheka, "Andika amekufa. Tena andika walimzika Wanyamwezi, ndiyo maana miguu imebaki nje."

Mkewe aliyekuwa akipuliza moto alicheka mpaka akapaliwa na moshi. Ningefanya nini? Nishindwe na Mzaramo, mimi mwenye kidato cha nne na kalamu mkononi? Nikaandika. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikamtafsiria nilichoandika, na nilipofika kwenye ulafi alipiga meza kwa kofi. Nia yangu ilikuwa kuomba fomu nyingine nikaandike sawasawa. Nia yangu, kama mnavyoona, ilizidiwa na nsansa.

Nilipoamka fomu hazikuwapo. Mkuu wa ofisi yetu alikuwa amepita na landrova kukusanya fomu za mtaa wetu, na fundi, kwa heshima zote, alinyanyuka, akapangusa mikono, akamkabidhi karatasi za kifo chake mwenyewe kwa mikono miwili. Nikajiambia hakuna neno. Mtu mwenye akili timamu akisoma kwamba baba wa mtoto amekufa kwa ulafi, atajua huo ni utani na atairudisha fomu. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, kwa kudhani ile ilikuwa ofisi ya watu wanaotafuta kujua kitu.

Nilipata kazi ile ya karani na mfasiri kwa sababu moja: ofisi ilikuwa karibu na nyumbani. Babu yangu alikwenda pwani na kurudi kwa miguu, tena zaidi ya mara moja, pembe begani. Mimi mjukuu wake safari yangu ndefu kabisa kabla ya kazi hiyo ilikuwa Igalula, ambayo kwa treni hata usingizi haujakolea umefika, na nilirudi kwa treni iliyofuata kwa sababu godoro la watu lilinichoma mgongo. Kwa hiyo waliposema kuna chama cha kusaidia watoto kimepanga nyumba hatua chache kutoka stesheni na kinatafuta mtu mwenye Kiingereza, nilijiona nimeandikiwa. Kiingereza changu kilikuwa kinatosha kubishana na kamusi.

Chama kilifanya kazi hivi. Huko Ulaya kulikuwa na watu wa kawaida, si matajiri, wajane, walimu, wapiga pasi, kila mmoja akitoa kidogo katika mshahara wake au pensheni yake kila mwezi. Kila mmoja alipewa mtoto wake mmoja. Alitumiwa picha yake na maelezo yake, na mara kwa mara barua kutoka kwake. Mtoto alisema anachosema kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kikapita kwa mtu mwingine kwanza, na mimi nikakigeuza. Barua za wafadhili nazo zilipitia kwangu. Wengi walikuwa watu wazuri. Wanauliza kama simba huingia nyumbani. Wanauliza kama tunajua theluji. Mmoja alimtumia mtoto wa Nzega soksi za sufu za kuvalia kwenye baridi, mtoto akazitumia kubebea karanga. Sina ugomvi nao hata leo. Hasira yangu haiwafikii wao, inaishia palepale kwenye nyumba ya kupanga hatua chache kutoka stesheni.

Mkuu wetu alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa maneno laini, beji ya chama tawala kifuani. Kwenye mikutano ya mtaa alikuwa akisimama na kutuhubiria kujitegemea mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na sisi tunapiga makofi. Akitoka mkutanoni anarudi ofisini, anazitandaza picha mezani, na kuchagua mtoto aliyekonda kuliko wenzake awe wa mbele. Nilikuwa namwona. Na sikusema kitu, maana saa sita ilikuwa inakaribia na nyumbani walikuwa wameshaepua.

Safari moja alinilazimisha kwenda naye Choma, huko Igunga, mwaka ambao mvua ilikataa na watu ndiyo kwanza walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kipya, nyumba zao za zamani zimeachwa na ng'ombe wanajirudia wenyewe kwenye mazizi yao ya zamani. Kulikuwa na shida ya kweli pale, na yatima wa kweli. Tukapiga picha siku nzima. Mama mmoja akauliza kwa Kisukuma, nami nikatafsiriwa, picha ya mwanawe itakwenda kukaa katika nyumba ya nani. Mkuu akaniambia nimjibu kwamba ni ya rafiki. Yule mama akasema rafiki gani huyo ambaye hajawahi kupiga hodi. Mkuu alicheka sana, akaniambia watu hawa wana maneno. Mimi nilicheka pia. Naandika hapa kwamba nilicheka pia.

Sasa nirudi kwa binti wa fundi, maana ndiye mwenye habari hii. Alikuwa na miaka kumi. Alipokuwa mdogo alipata homa iliyompoozesha mguu wa kushoto, ukabaki mwembamba na mfupi kuliko mwenzake, goti limejikunja. Daktari aliyepita alisema mguu ule unaweza kufanyiwa upasuaji hospitali ya Mwanza ukanyooka, kisha akafungiwa vyuma vya kumsaidia kutembea, lakini akasema pia kwamba mtoto hukua na mifupa haingoji. Ikipita miaka miwili mitatu, basi. Fundi hakuwa na uwezo wa hayo. Alichoweza ni kumtengenezea kiatu. Alichonga soli nene ya mninga, akaipindisha kwa ndani kufuata unyayo wa mtoto, akaivalisha ngozi juu na kipande cha tairi chini. Kila mtoto alipokua, alichonga nyingine. Ilikuwa kazi nzuri kuliko milango yake yote, na mtaa mzima ulikijua kishindo cha kile kiatu kikija.

Siku ya picha, mkewe alifanya kama anavyofanya mama yeyote mwenye akili anapoambiwa mwanawe anapigwa picha. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamsuka, akamvalisha gauni la Idi na kile kiatu. Watu kwetu hawapigwi picha wakiwa na vumbi. Hata marehemu wanaowekwa ukutani ni wale waliokwenda studio na saa ya kuazima.

Mkuu alimtazama mtoto kutoka juu mpaka chini, akasema amependeza sana. Kisha akasema gauni livuliwe, avae la kuchotea maji. Likaletwa. Akasema nywele zifumuliwe kidogo. Halafu akainama yeye mwenyewe, akavua kile kiatu, akakiweka nyuma ya mlango. Nilidhani anataka mguu uonekane. Siku nyingi baadaye ndipo nilipomwelewa. Mtu yeyote akikiona kiatu kile atajua kwamba mtoto huyu ana mtu.

Mtoto alisimama kwa mguu mmoja ameshika ukuta, picha ikapigwa.

Miezi ikapita, ikaja barua ya kwanza ya mfadhili wake. Alikuwa mama mtu mzima, mwosha vyombo katika jiko la shule huko kwao. Alisema aliletewa picha tatu achague, na alipomfikia huyu hakutaka kuangalia nyingine, kwa sababu baba yake mwenyewe alikufa vitani, yeye akiwa mtoto wa umri kama huo. Alisema amemlilia baba wa mtoto. Alisema amezungumza na kanisa lake na majirani zake, na wote pamoja watalipia mguu.

Niliisoma barua ile nimesimama. Nikaenda kwenye kabati nikatoa nakala ya fomu. Neno langu la ulafi lilikuwa limefutwa kwa mistari miwili safi ya rula, na juu yake pamepigwa taipu: homa ya ghafla. Yule bwana alipokea fomu mkononi mwa mtu mzima mwenye afya, akasoma kwamba mtu huyo amekufa kwa ulafi, na kitu pekee alichoona hakifai ni ulafi.

Nikamwendea. Nikamwambia, Mzee, yule baba yu hai, wewe mwenyewe ulipokea karatasi kwake. Akasema anajua. Akaniambia nikae.

"Kijana, watoto wenye baba wapo kwenye orodha, wanangoja," alisema. "Huyu amepata mtu wa kumlipia mguu. Sasa unataka nimwandikie yule mama nimwambie samahani, marehemu amefufuka?"

Nikasema lakini ni uongo. Akaniuliza ni nani aliyeandika. Kalamu ya nani. Akaniambia hayo kwa upole kabisa, akanimiminia na chai, na sukari miaka ile ilikuwa ya foleni. Nikainywa. Hilo nalo liandikwe.

Kilichobaki kikawa kazi yangu: kumwambia fundi kwamba amekufa, na kwamba inabidi aendelee hivyo mpaka mguu wa mwanawe upone. Nilimkuta akipiga msasa kitanda cha bibi harusi. Alipomaliza kunisikiliza alicheka, akasema alijua tu siku moja Mnyamwezi atamuua kwa kuwa hana mzigo wa kubeba. Mimi sikucheka. Akaendelea kucheka peke yake kidogo, kisha akaniangalia usoni kutafuta ule utani umejificha wapi.

Akauliza, "Na mwanangu atalisema hilo kwa mdomo wake?"

Nikamwambia mfadhili anakuja kututembelea kiangazi, na mtoto akiulizwa, ndiyo, atalisema.

Lazima mnielewe hapa. Mimi kumwambia amekufa ni utani na ni haki yangu. Mtoto kutamka kwamba baba yake amekufa, na baba yu hai, ni uchuro. Ni kumwita mgeni asiyetakiwa. Hata msichana akisema hivyo kwa hasira, mama yake humpiga kofi la mdomo na kumwosha kinywa. Fundi aliweka msasa chini. Mkewe ndiye aliyekata shauri. Alitoka jikoni, alikuwa amesikia yote, akasema mguu wa mtoto kwanza, maneno mengine tutamwomba Mungu atusamehe. Fundi akasema sawa. Akasema atakufa siku hiyo moja tu.

Mfadhili alikuja. Nilitegemea mtu mkubwa, akashuka kwenye landrova mama mfupi, miguu imevimba kwa safari ya treni, mikono yake myekundu ya kuosha vyombo. Alikuwa ameweka akiba muda mrefu kwa ajili ya safari ile. Alileta mwanasesere na picha ya baba yake akiwa na sare. Uwanja wa fundi ulikuwa umefagiliwa, randa, misumeno na meza ya kazi vimefichwa, hata vumbi la mbao limezolewa. Kiatu kilikuwa kwetu, na mwenye kukichonga pia alikuwa kwetu, chumbani kwangu, juu ya godoro langu, mama yangu anampelekea uji. Aliambiwa asitoke na asikohoe.

Tulikaa mkekani: mfadhili, mtoto, mama yake, mkuu wa ofisi kwenye kiti, na mimi katikati kama daraja bovu. Mambo yalikwenda vizuri. Mwanasesere akapokelewa. Kisha yule mama akatoa picha ya baba yake, akamwonyesha mtoto, akaniambia nimuulize kama anamkumbuka baba yake.

Mtoto alikuwa amefundishwa kusema hakumbuki. Alifundishwa na mama yake, na mkuu alikuja mwenyewe siku mbili kabla kuhakikisha. Akamwangalia yule mama, akaiangalia picha, na nadhani alimwonea huruma. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yuko kwa bibi, nyumba ya tatu. Ameambiwa asitoke mpaka mgeni aondoke."

Mkuu wa ofisi aliniangalia, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza kasida. Mama wa mtoto aliinamisha uso. Yule mfadhili alikuwa amenigeukia, anangoja. Hakuna kitu kilichonizuia. Nilikuwa najua Kiingereza cha nyumba, cha tatu, na cha bibi. Nyumba ilikuwa inaonekana kutoka pale tulipokaa.

Nikasema, "Anasema huzungumza na baba yake kila siku."

Yule mama alimkumbatia mtoto akalia. Na mtoto, kichwa kiko begani kwa mgeni, alikuwa ananitazama mimi. Hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji. Lakini alijua kwamba mtu akiambiwa baba yuko nyumba ya tatu hawezi kulia namna ile, huinuka akaenda kumsalimia.

Upasuaji ulifanyika. Sitaki kudanganya katika hilo, mguu ulinyooka, si wote, lakini goti lilifunguka. Mtoto alikwenda Mwanza kwa treni na mama yake. Baba hakuweza kwenda, kwa sababu ofisi ilikuwa inapiga picha njiani na wodini, na marehemu hapandi treni. Mimi ndiye niliyepaswa kuwasindikiza. Nilisingizia tumbo. Majuma yote yale fundi alikuwa akiamka, anakwenda stesheni kuuliza kama kuna barua, anarudi kupiga randa. Dirishani kwangu hakupita tena kuuliza kama nimekufa. Alizunguka kwa nyuma.

Binti akarudi na vyuma mguuni, vya kufungwa kwa mikanda kutoka pajani mpaka kwenye buti, na anatembea. Mtaa ulipiga vigelegele. Mimi pia nilikwenda. Aliniamkia, "Shikamoo," akapita.

Hadithi ingeishia hapo, nami ningekuwa karani mwongo mwenye mshahara na chakula cha mchana cha nyumbani. Lakini mwaka uliofuata zilikuja ofisini karatasi za rangi zilizochapishwa Ulaya, zile wanazosambaza majumbani na makanisani kuomba watu wengine wajiunge kutoa. Nikafungua bunda. Juu ya karatasi alikuwa binti wa fundi, amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta. Na chini yake, kwa herufi kubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyesema: Huzungumza na baba yangu kila siku huko mbinguni.

Mbinguni wameongeza wao. Yaliyobaki yalikuwa yangu.

Sijawahi kuwa na hasira kama siku ile. Niliona watu wa kule, wapiga pasi na wajane, wameshika karatasi ile mezani, wanatafuta sarafu kwenye vikopo vyao kwa ajili ya sentensi niliyoitunga mimi ili nisigombane na bosi. Nilikwenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikula. Nikamwandikia yule mama barua ndefu. Nikamwambia kila kitu: baba yu hai, ni seremala, alikuwa nyumba ya tatu siku ile, mtoto alikuambia na mimi nikakuficha. Nikamwambia lawama ni yangu na ya ofisi. Nikanunua stempu kwa fedha yangu, nikaitia posta mwenyewe, nikarudi natembea kifua mbele, nikijiona mwanamume kamili. Sikuwauliza fundi na mkewe. Hata halikunijia wazo la kuwauliza.

Yule mama hakunijibu. Sijui aliandika nini kwa wakubwa wa chama. Ninachojua ni barua waliyotuletea wao, ambayo mkuu alinisomea taratibu, akinyoosha karatasi kwa kiganja. Ilisema imebainika kwamba familia ya mtoto ilitoa habari za uongo ili ipate msaada. Familia. Kwa sababu hiyo mtoto ameondolewa kwenye orodha kuanzia mwezi ule. Mfasiri aachishwe kazi. Mkuu wa ofisi alishukuriwa kwa ushirikiano wake, na kabla ya mvua alipandishwa cheo akahamia Dar es Salaam, na mtaa ulimfanyia sherehe ya kumuaga, ubwabwa na soda.

Ile karatasi ya rangi haikuondolewa. Niliambiwa na aliyeshika kiti changu kwamba iliendelea kuchapishwa, kwa sababu ilikuwa inavuta watu vizuri.

Na vyuma vile, hili sikulijua, ni vya kurefushwa. Mtoto akikua, hurefushwa kule kule hospitali, vinginevyo vinaanza kula nyama. Ulipofika wakati, hapakuwa na wa kulipa. Binti alivaa vyuma vifupi miezi kadhaa, pajani pamechubuka, mpaka akaanza kukosa shule. Nilikuwa namwona akipita. Fundi alivichukua, akaenda navyo kwa mfua vyuma wa pale sokoni, wakakaa wawili wale siku tatu wanapima na kukata na kuunga chuma cha springi ya gari, wakaviharibu mara mbili, mara ya tatu vikakubali. Vilikuwa vizito kuliko vya kwanza na vililia kama bawaba ya mlango. Lakini alivivaa. Kila alipokua wakavirefusha tena.

Mimi nilikuwa nyumbani, mahali ninapopapenda, na sikupata raha hata siku moja. Kisha nikasikia kuna chama kingine, cha watu wengine, kimefungua ofisi upande wa pili wa mji, kinaandikisha watoto wenye ulemavu, na hakijali kama wana baba au hawana. Nilihakikisha hilo mara mbili. Nikachukua karatasi, nikachukua kalamu, nikatembea nyumba tatu.

Mke wa fundi alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Fundi alikuwa uani, nasikia randa. Nilimweleza polepole, nikamwambia safari hii nitaandika kweli tupu, nitamsomea kila neno kabla ya kuweka sahihi, na kwamba hata Mwanza nitakwenda mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa, akatafuta lingine.

"Shemeji," akasema, "sisi tumeshakusamehe. Ila usitusaidie tena."